Chai ya Langoni mwa Chuo

Kulikuwa na mama lishe mmoja aliyeuza chai na uji kwenye lango la chuo kikuu. Kisima chake kilikuwa na yale maji ya madini tunayoyajua, yanayotia meno rangi ya kahawia na kupinda miguu ya watoto, hata ukiyachemsha. Binti yake wa miaka minne alikuwa ameshaanza kupinda miguu.

Kila asubuhi walimu wa chuo walikunywa chai kwake wakipanga safari za kuihudumia jamii. Walikwenda mwendo wa nusu siku kugawa mitungi ya kuchujia maji ya aina hiyo hiyo. Siku moja wakamwonyesha picha: wanawake wa huko, kila mmoja na mtungi wake mpya, wanacheka. Wivu ukamkaba yule mama. Akatamani ile mitungi ipasuke yote. Msicheke, akina mama. Nani hapa hajawahi kuombea chungu cha mwenzake kivunjike?

Akauliza, "Mwalimu, wale wana nini ambacho mimi sina?"

"Mama, wale ndio jamii tunayoihudumia. Wewe ni mtu wetu wa hapa hapa."

"Kwa hiyo nihamie mbali ndipo mnione?"

Mwalimu akacheka, akaomba kikombe cha pili. Mama akamimina taratibu.

"Kunywa, mwalimu. Maji ni ya kisima changu, miaka sita sasa. Na ile chupa ya uji unayompelekea mwanao kila siku, maji ni hayo hayo."

Mwalimu akaweka kikombe chini. Kesho yake mtungi ukafika.

Niambieni, ulioleta mtungi ni upendo? Hapana. Walimwona mtoto wao, yule binti bado hawakumwona.

Lakini sisi tusiwacheke wasomi. Mwezi uliopita tulijaza lori nguo, tukazipeleka mbali, tukapiga picha. Nyuma ya ukuta huu wa kanisa yuko mama anayewafulia watu nguo. Kamba yake ya kuanikia tunaiona kila Jumapili kupitia dirisha lile, na yeye alituona tukipakia lori. Kama aliwaonea wivu tuliowapelekea, dhambi ni ya nani?

Nani anajua jina lake?

Hata mimi silijui, na huu ni mwaka wa kumi na moja nawahubiria. Tukimaliza ibada nitapita mlango wa nyuma nikamwulize. Atakayetaka anifuate.