Seremala Aliyejieleza Mno

Wahenga waliosema "mtu ni watu" hawakuwa wakicheza na maneno. Walimaanisha kwamba mtu hajitambulishi kwa kinywa chake. Hutambulishwa na wale aliowatendea. Asiyeamini na amuulize Tobia, seremala wa Muheza.

Mwaka wa sabini na tatu, Tobia na mkewe Esta walipanda milima ya Usambara kuhamia kijiji cha ujamaa karibu na Mtae. Barua ya utambulisho kutoka kwa balozi wao wa nyumba kumi Tobia aliificha ndani ya kofia, mahali alipopaamini kuliko mfuko. Mvua ya njiani haikuijali kofia wala barua. Mbele ya mwenyekiti, Mzee Abdallah, ilifunguliwa karatasi yenye madoa ya wino tu, jina halisomeki wala mhuri hauonekani.

Tobia hakuona shida, maana mdomo alikuwa nao. Baada ya shikamoo alieleza kuwa yeye ni fundi asiye na mfano, na kwamba nusu ya milango ya Muheza imepita mikononi mwake. Kadiri alivyojisifu ndivyo wazee walivyozidi kutazamana. Debe tupu haliachi kuvuma, walijisemea moyoni. Mzee Abdallah aliamua kwa upole kwamba wageni walale katika ghala la kijiji hadi Jumamosi, kamati itakapoketi. Asipopatikana wa kuwadhamini, warudi walikotoka.

Esta alikuwa mja mzito wa miezi minane, na nyumba yao ya Muheza walikwisha kuingia watu wengine. Tobia aliingiwa na hofu.

"Mume wangu," Esta alimwambia, "umewaeleza wewe ni nani mpaka wamechoka. Sasa nyamaza, ufanye kazi."

Alinyamaza, ingawa ulimi ulimwasha. Kesho yake ilipigwa mbiu ya msaragambo, kazi ya pamoja, kijiji kizima kikatoka kulima matuta ya viazi mlimani. Tobia, mtu wa tambarare, aliteleza, akabiringika mteremkoni kama chungwa lililoponyoka kikapuni. Watu walicheka, naye akacheka kuliko wote, akapanda tena. Jioni aliona mipini ya majembe imelegea, akaichonga mmoja baada ya mwingine. Asubuhi iliyofuata, alipomwona mjane Dorkasi akihangaika na mlango uliogoma kufunga, akatoa randa yake mzigoni, akauparua hadi ukatii.

Jumamosi ilifika. Mzee Abdallah akauliza mkutanoni ni nani anayemjua mgeni huyu.  Dorkasi akasimama.

"Mimi namjua," alisema. "Mlango ulionishinda miaka miwili, yeye aliumaliza asubuhi moja. Tena hakunidai hata kikombe cha chai."

Mkulima mmoja, Sefania, naye akasema jembe lake sasa halichomoki mpinini. Bibi mmoja akaongeza kuwa anayejicheka akianguka hawezi kugombana na jirani. Mikono ya kumkubali ikanyooshwa ukumbi mzima.

Furaha ilimpanda Tobia kichwani. Akainuka, akakohoa. "Ndugu wananchi, kwa kifupi mimi ni—"

"Keti, mwanangu," Mzee Abdallah alimkatiza akitabasamu. "Habari zako tunazo. Wewe utazitia chumvi."

Watu wakaangua kicheko, Esta akicheka huku akipangusa machozi. Siku hiyohiyo walipimiwa kiwanja chao, na watu kumi wakajitolea kuchimba msingi. Ama kweli, mtu ni watu.