Chozi la Mwanakombo

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mliokula juzi? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko hai.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha watu wenye akili nyingi, akili mpaka zinamwagika. Waliweka desturi: bibi harusi hatoki kwao mpaka chozi la mama yake limdondokee kiganjani. Hakuna chozi, hakuna harusi. Hiyo ndiyo ilikuwa mizani yao ya mapenzi. Hongera zao.

Humo aliishi Mwanakombo, mfinyanzi, na bintiye Riziki, mchumba wa watu. Mwanakombo alichoma vyungu tangu usichana wake, moshi na upepo vikimpiga usoni. Macho yakamkauka. Akifumba, kwaru! Akifumbua, kwaru! Utadhani ana mchanga ndani. Chozi? Hata la dawa hakuna.

Harusi ikakaribia. Mama wa watu hali, halali. "Nitamharibia mwanangu harusi yake," alijisemea, na moyo ukamuuma kuliko macho.

Majirani wakaja kusaidia. Si mnawajua majirani? Mbele yao Bi Chausiku, bingwa wa kulia kijiji kizima, mtu anayelia hata mbuzi wa jirani akizaa.

"Mmwagieni maji baridi," akaamuru.

Chwaa! Wapi! Kwaru ileile.

"Basi tumtukane, atalia."

Wakamtukana kutwa nzima, kwa moyo mmoja. Wengine walikuwa wakiingoja nafasi hiyo miaka. Macho ya Mwanakombo yakabaki makavu.

"Mnaona?" akasema Bi Chausiku. "Huyu hampendi mwanawe."

Hilo ndilo lililomchoma. Akainuka, akaenda kwa Bibi Mwanamvua, kizee mkamua mafuta ya nazi, mwenye ulimi ambao hata mbwa waliupisha njia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kutukanwa, au wamekutosheleza?"

"Wamenitosheleza, bibi. Nataka kulia tu."

Bibi akamshika kidevu, akamtazama kope. Kisha akapindua kibuyu chake cha mafuta. Yalikuwa majira ya baridi. Halikutoka hata tone.

"Mafuta yakiganda hivi, wewe hutukana kibuyu?"

"La, bibi."

"Humwagia maji baridi?"

"La. Nakisogeza karibu na moto, yayeyuke."

"Ehee! Basi kope nazo zina mafuta yake, hapa ukingoni. Yako yameganda. Jicho lisilo na mafuta halikai na maji. Lakini mabingwa wenu kazi yao ni kutukana kibuyu."

Akachovya kitambaa katika maji ya moto, akakikamua, akajigusisha mkononi asije akamuunguza mtu. Akamfumbisha macho, akamwekea. Kikipoa, anachovya tena. Kisha akampapasa kope kwa kidole, ya juu akiishusha, ya chini akiipandisha.

"Taratibu," akamfunza. "Hukandi unga."

Asubuhi kitambaa, jioni kitambaa. Kwaru ikapungua, ikapungua, ikanyamaza.

Siku ya harusi wanawake walijaa uani kuja kutazama aibu. Bi Chausiku hakungoja.

"Yuuu! Maskini Riziki! Mama mkavu!" Machozi tiririri.

Bibi Mwanamvua akamwendea, akamshika pindo la nguo, akalikung'uta. Pu! Kitunguu, kimekatwa vizuri.

Uani pote wanawake wakashika mapindo yao.

"Kumbe mapenzi yenu yanachimbwa shambani," akasema bibi. "Ningejua ningelima."

Mwanakombo hakuwasikia hao wote. Alikuwa akimtazama Riziki aliyekinga kiganja mbele yake, akimtazama bila maumivu, jambo alilolisahau kwa miaka. Akaliona kovu dogo kidevuni, la siku binti alipoanguka na chungu akimsaidia mama kubeba.

"Mwanangu," akasema, "kumbe umekua hivi, nami sijakutazama?"

Ndo! Kiganjani.

Riziki akakifumba kiganja.

"Tuonyeshe!" wakapiga kelele wenye vitunguu.

"La," akasema Riziki. "Hili nimeliliwa mimi."

Akatoka, akaenda kwa mumewe, mkono umefumbwa.

Basi, wenzangu, kabla hamjamwita mtu mkavu wa moyo, mtazameni kwanza kope zake. Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye kitunguu pindoni akitupe kabla hajainuka.