Mateka wa Zimwi na Ngoma ya Ushindi

Mpo? Kama mpo, sogeeni niwasimulie.

Zimwi lilipigana porini na wapiganaji wa kijiji, likateka baadhi yao. Likawauliza, "Njia ya kwenu ni ipi, nikawamalize waliobaki?" Likawanyima maji, wakanyamaza. Likawachoma moto, wakanyamaza. Likammeza mwenzao mbele ya macho yao, wakanyamaza. Liliposhiba likalala, nao wakatafuna kamba walizofungwa, wakarudi kwao.

Wakakuta sherehe: zimwi halikufika kijijini, wenzao wakahesabu wameshinda. Desturi ya kijiji, ngoma ya ushindi hupigwa kwanza na aliyerudi na mkuki wake. Jumbe wa kijiji akafoka, "Nyinyi mliotekwa, mikuki yenu iko wapi? Kaeni nje ya uzio!"

Wenye mikuki wakaipiga ngoma. Kimya. Wakapiga tena. Kimya. Wakapiga mara ya tatu. Kimya kabisa.

Ndipo Mshangama, mmoja wa mateka, akawapita, makovu ya kamba mikononi. Akaigusa tu. Ngoma ikanguruma, ikasema, "Hawa wasingenyamaza, leo msingekuwa hai!"

Jumbe akamsogezea kigoda. "Mwanangu, karibu ukae."

"Kwa zimwi tumekaa vya kutosha," akajibu Mshangama. "Leo tunacheza. Kaeni nyinyi."

Yangu yameishia hapo. Anayebisha, akaipige ngoma mwenyewe.