Bunduki ya Mjerumani Yapewa Miwani

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wanyama kusema, bali zamani ya juzi tu, wanyama wameshanyamaza na wanaosema ovyo ni watu, palikuwa na kijiji kikiitwa Likunguni. Kijiji kilijivunia vitu vitatu: bonde la mpunga, kiboko mmoja, na bunduki moja. Bonde lilikuwa la watu wote. Kiboko alikuwa wa serikali. Bunduki ilikuwa ya Mzee Mtalika, au Mzee Mtalika alikuwa wa bunduki. Hapo watu walishindwa kuwatenganisha.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya Mjerumani. Mjerumani alikuja nayo vitani, akafukuzwa, akaiacha. Mwingereza akaikuta, akaigonga mhuri wake, akaondoka, akaiacha. Kila mwenye akili aliiacha. Likunguni ndio wakaichukua, wakaiandikisha, wakaipa na jina la heshima: Bibi.

Kiboko naye alikuwa na jina. Walimwita Mkaguzi, kwa sababu kila jioni alipanda kutoka mtoni akakagua shamba la mtu mpaka mwisho, akaondoka ameshiba. Tofauti yake na wakaguzi wengine ni kwamba huyu hakuomba chai. Alishakagua mashamba manne. Likabaki moja, la Bi Nakoma, mjane mwenye wajukuu watano na asiye na kitu kingine chini ya jua. Mpunga wake ulikuwa umeinamisha vichwa. Bado wiki mbili uvunwe.

Afisa wanyamapori akaja, akatazama nyayo, akaandika kibali cha kumuua mnyama. Akafungua sanduku, akatoa risasi tatu.

"Hizi ndizo za mwisho," akasema. "Za bunduki kama hii hata kiwandani wameshasahau zilivyo. Msizichezee."

Risasi zipo, kibali kipo, Mkaguzi yupo. Kilichokosekana ni macho. Mzee Mtalika alimwona kiboko ng'ambo ya mto na manyoya ya puani, lakini kile kipande cha chuma kwenye ncha ya mtutu, cha kulengea, alikiona ukungu mtupu. Mpiga bunduki anayemwona adui wake vizuri na asiione bunduki yake. Hodari kabisa.

Ndipo wakamwita Twaha Ng'itu.

Huyu Twaha alikuwa fundi wa baiskeli, fundi wa redio, fundi wa simu, fundi wa pampu, na kwa maelezo yake mwenyewe angekuwa fundi wa ndege pia, ila ndege zilikuwa zinaogopa kutua Likunguni. Shule aliiacha darasa la sita. Si kwamba alishindwa, la. Aliona mwalimu anamchelewesha. Na Twaha alikuwa na darubini ya bunduki, mpya, nyeusi, ndefu kama gunzi la hindi, aliyopewa na dereva wa kambi ya wawindaji kwa kumtengenezea injini iliyowashinda watu wa mjini. Ukichungulia ndani unakuta nukta nyekundu. Unapoiweka nukta, hapo ndipo risasi inapokwenda. Ndivyo alivyotangaza, na alitangaza sana.

Lakini sikieni mahali penye miiba. Twaha alikuwa amemposa Somoe, binti wa Mzee Mtalika, na posa imepokelewa, ndoa ni baada ya mavuno. Na kwa watu wa Likunguni mkwe na baba mkwe hawazoeani. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini akajifanya anatafuta kuni. Na mkwe kumkosoa mkwe? Afadhali ule nyama ya fisi, utasamehewa mapema. Basi kila neno likapita kwa Somoe. Baba anasema hivi, Twaha anasema vile, na Somoe katikati kama waya wa simu.

"Baba anasema Bibi asitobolewe," Somoe akamwambia Twaha.

"Mwambie hatatobolewa hata sikio."

Twaha akaingia kazini. Akaiweka darubini juu, mahali ambapo kila mtu angeiweka. Akajaribu kukoki, mkono wa kukokia, ule wa kizamani unaosimama wima kama pembe, ukagonga darubini. Angekuwa fundi mwingine, angeukata mkono au angemtoboa Bibi wa watu mashimo manne. Twaha akaisogeza darubini mbele, pale pa kilengeo cha zamani cha nyuma, akaibana kwa vibano viwili vya chuma. Hakuna shimo, hakuna mkwaruzo. Akakaa siku tatu akijisifu, na kusema kweli alistahili siku mbili.

Kisha akachukua risasi mbili, kwa ruhusa ya mzee iliyoletwa na Somoe, akaenda na Somoe kwenye shimo la changarawe. Akabandika karatasi. Akahesabu hatua themanini. Akalala chini, akaweka nukta katikati, akafyatua.

Somoe akakimbia kutazama. Tundu lilikuwa kushoto, shibiri nzima, kutoka dole gumba mpaka kidole cha mwisho.

"Anavuta kushoto," Twaha akasema. "Bibi wa baba yako amepinda, na hakuna aliyejua." Akazungusha kigurudumu kidogo ubavuni mwa darubini, taratibu, kama anatafuta stesheni ya redio. Akafyatua ya pili. Tundu likaingia katikati kama kitovu.

"Utamwambia baba?" Somoe akauliza.

"Mimi nimwambie mkwe wangu bunduki yake imepinda? Si bora nimwambie suruali imechanika. Nimeshamnyoosha Bibi, yatosha. Mnyama akianguka, nitasimama mbele za watu niseme kwa adabu. Na wewe usiseme. Niahidi."

Somoe akaahidi. Siri ya kwanza ikaingia sikio la kulia. Somoe akanyamaza.

Jioni akamrudishia baba bunduki yake. Mzee Mtalika akaipaka mafuta, akaipapasa, akaichungulia darubini akacheka mwenyewe. Halafu akamwambia binti yake, "Keti. Unakwenda kuolewa, na mimi sina mtoto wa kiume. Nitakupa kitu ambacho sijampa mtu. Bibi anavuta kushoto. Shibiri moja."

Somoe akautazama mtutu.

"Miaka thelathini na minane nalenga shibiri moja kulia. Ndio ufundi wangu wote, mwanangu. Hakuna dawa, hakuna mizimu. Shibiri moja. Wakijua hilo, kila mwenye vidole atakuwa mwindaji, na mimi wataanza kuniamkia huku wamekaa."

"Na Twaha hujamwambia?"

"Yule? Ukimwambia yule umekiambia kijiji na kijiji cha pili. Apa kwamba hutasema."

Somoe akaapa. Siri ya pili ikaingia sikio la kushoto. Masikio mawili yamejaa, mdomo mmoja umefungwa. Lakini hesabu hiyo haikuhitaji darasa la sita. Fundi amesogeza shibiri moja kulia. Baba atasogeza shibiri moja kulia. Kila mmoja ameponya ugonjwa uleule, na mgonjwa sasa atakufa kwa dawa.

Asubuhi akamfuata Twaha. "Nenda ukamwambie baba ulichofanya."

"Mkwe hamkosoi mkwe."

"Basi rudisha kigurudumu kilipokuwa."

"Nirudishe upofu? Una homa, Somoe?"

Akarudi kwa baba. "Baba, leo lenga katikati tu."

"Nani kakutuma? Huyo fundi wako?"

"Sijatumwa."

"Basi hujui unachosema. Mtutu ni uleule. Umempa bibi kizee miwani, sawa. Miwani hainyooshi mguu."

Jioni ikafika. Jua bado liko juu ya miti. Mzee Mtalika akalala juu ya tuta la shamba, Bibi mbele yake, risasi moja tumboni mwa Bibi. Bi Nakoma alichutama nyuma yake. Watu wote walijipanga kwenye njia ya mto, maana Likunguni hakuna sinema. Twaha alisimama mbali, kwa adabu za ukwe, akiikariri hotuba yake. Alikuwa ameshafika mahali pa kuwashukuru wazazi.

Mkaguzi akapanda kutoka mtoni. Akasimama, akawageuzia uso mzima, mpana kama mlango wa ghala. Mzee Mtalika akachungulia kwenye darubini, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akaona kila kitu: masharubu, matope, kovu puani. Nukta ikatua katikati ya macho. Safi. Angefyatua hapo, hadithi ingekwisha na nyama ingeliwa.

Mzee akavuta pumzi. Akasogeza nukta shibiri moja kulia, kama mtu anavyovua viatu mlangoni, bila kufikiri.

Akafyatua.

Darubini haikusema uongo. Risasi ilikwenda palepale nukta ilipokuwa: shibiri moja kulia, kwenye ncha ya sikio. Mkaguzi akatobolewa kama bibi harusi anayetogwa sikio. Akaruka. Watu kwenye njia ya mto wakapiga kelele, naye alipoona njia ya nyumbani imejaa watu, akageukia upande wa pekee uliobaki wazi, katikati ya shamba la Bi Nakoma. Akakata kona, akarudi, akazunguka mara tatu, akavunja tuta, maji yakamwagika, mpunga ukalala. Ndipo njia ya mto ikawa tupu, kwa sababu mashujaa wote walikuwa juu ya miti. Mkaguzi akarudi zake majini.

Likabaki robo ya shamba limesimama. Bi Nakoma akaingia kwenye matope mpaka magotini, akaokota suke moja, akalipukusa kiganjani, akatafuna punje.

"Siku kumi tu zingetosha," akasema.

Kesho yake wakaketi barazani, uwanja wa shule. Kwa kuwa sasa kila mtu alikuwa anauliza ilikuwaje, siri zote mbili zikatoka, na hazikutoka kwa adabu. Mwenyekiti wa kijiji akaweka debe tupu na fimbo katikati.

"Mwenye kosa ni mmoja," akasema. "Huyo atamlisha Bi Nakoma na wajukuu wake mpaka mavuno ya mwakani. Na huyo atakaa dunguni kila jioni, apige debe hili kulinda robo iliyobaki, maana risasi hatuna tena. Semeni."

"Na akiwa ni Twaha," Mzee Mtalika akadakia, akitazama pembeni, "ndoa hakuna. Sitoi binti kwa mpiga debe."

Twaha akasimama. Sauti yake siku hiyo ilikuwa ndogo, jambo ambalo kijiji hakikuwahi kulisikia. "Mwambieni mzee," akasema, maana hata hapo alishika ukwe, "nilipewa bunduki inayokosa, nikarudisha bunduki inayopata. Karatasi ninayo. Aliyeambiwa alenge katikati akalenga sikio si mimi. Na nilinyamaza kwa sababu mila ndiyo iliyonifunga mdomo. Mila hizo sikuzitunga mimi."

"Ulinyamaza kwa sababu ya mila," mzee mmoja akamjibu, "au ulinyamaza unangoja makofi?"

Twaha akatazama vidole vyake.

Mzee Mtalika akasimama. "Mwambieni kijana, bunduki yangu naijua kuliko ninavyojijua mimi. Nililenga jana kama nilivyolenga miaka thelathini na minane, na nyama mmekula. Mtu akiingia nyumbani kwako akahamisha mlango usiku bila kukuambia, ukijigonga ukutani, kosa ni la paji lako?"

"Nawe mlango wako ulikuwa umepinda miaka yote, ukatuambia ni uganga," kijana mmoja akasema. Vijana wakacheka. Wazee hawakucheka.

Wote wawili wakamgeukia Somoe. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu posa, mkwe na mkwe walikubaliana jambo.

"Huyu alijua yote," akasema baba.

"Huyu alijua yote," akasema Twaha.

Somoe akasimama. "Nilijua. Mliniapisha nyote, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alisema ananiamini. Ningesema ya baba, ningekuwa mtoto asiye na haya. Ningesema ya Twaha, ningekuwa mke anayevunja nyumba kabla haijaezekwa. Nilimwambia Twaha arudishe kigurudumu. Akaniuliza kama nina homa. Nilimwambia baba alenge katikati. Akaniambia sijui nisemalo. Sasa nyinyi wawili mmenifanya waya wa simu, halafu mnaniuliza mbona sikuongea."

"Ungesema neno moja tu, mwanangu," Bi Nakoma akamwambia taratibu. "Wajukuu wangu hawakukuapisha."

Somoe akainama.

Basi kijiji kikagawanyika. Wazee wakasema Twaha. Vijana wakasema Mzee Mtalika. Wanawake nusu wakasema Somoe, nusu wakasema waacheni hao wanaume wapige debe kwa zamu. Mwenyekiti, mtu jasiri, akasema atasikiliza maoni ya wengi, akatazama saa yake, ambayo haikuwa ikitembea.

Jua likaanza kushuka. Kutoka mtoni wakasikia mtu mzito akipuliza maji puani, ameshapumzika, sikio limeshakauka, anajiandaa kwenda kazini. Watatu wamesimama, debe liko chini, robo ya shamba inangoja.

Haya, nyinyi mliokaa hapo mnatafuna karanga na kutikisa vichwa kana kwamba mngefanya vizuri zaidi: mmoja alinyoosha bunduki akanyamaza kwa heshima, mmoja alinyamaza kulinda jina lake, mmoja alinyamaza kwa sababu aliaminiwa. Mkaguzi ameshatoa kichwa majini. Je, nani alistahili kuinama akaliokota debe?