Jinsi Tetere Anavyokunywa Maji

Hapo zamani za kale, wanangu, katikati ya jangwa palikuwa na mlima, na kutoka mlimani kilishuka kijito kimoja tu. Kando yake, pangoni, aliishi Pimbi. Alikuwa mgane. Tangu mkewe afariki alipika uji wa mtu mmoja, akaunywa mlangoni, ili ndege wanaokuja kijitoni wampigie soga.

Siku moja akaja Nyani na nyavu zake. Kufika adhuhuri tenga lake lilijaa ndege tele: tetere, shore, mnana, chozi. Mlango akaufunga kwa kamba za ngozi iliyokaushwa juani, akazikaza kwa meno. Ngrrr!

"Bwana Nyani, unawapeleka wapi majirani zangu?"

"Kwangu, ng'ambo ya jangwa. Mimi ni mtaalamu, nakusanya ndege wa kila namna na kuwachunguza. Wewe usiye na mkia unajua nini?"

Kesho Pimbi angekunywa uji akipiga soga na mawe. Akalitazama tenga, akazitazama kamba.

"Kweli, sijui kitu. Ila umeshaona wanavyokunywa maji?"

"Hunywa kwa mdomo! Kuna lingine?"

"Hee! Mtaalamu mzima! Tetere huzamisha mdomo akafyonza moja kwa moja. Shore huchota tone, akainua kichwa, ndipo akameza. Wakikuuliza huko kwenu, utajibu nini?"

Nyani akajikuna. "Nilijua. Nilikuwa nakupima."

"Basi hakikisha. Lakini hawa wamezoea maji yanayotembea."

"Niwafungulie? Unaniona mjinga?"

"Laa, bwana! Usifungue hata kidogo. Liweke tenga lenyewe kijitoni, mlango uguse maji. Wewe kaa upande wa pili, uchungulie."

Nyani akafanya hivyo. Akachuchumaa, pua kwenye fito.

"Tetere anafyonza! Kweli anafyonza!"

"Na mnana ameinua kichwa mara ngapi?"

"Saba!"

"Mimi nimeona sita."

"Saba, wewe!"

"Rudia, bwana. Mtaalamu hakisii."

Akarudia. Akarudia tena. Jua likasogea. Huko nyuma, ngozi ya zile kamba za mlango ikanywa maji kimyakimya, ikavimba, ikalegea kama utumbo. Chozi, mdogo kuliko wote, akausukuma mlango kwa kifua.

Pwa! Frrr! Frrr! Frrrrr!

"Zuia! Zuia, Pimbi!" Nyani akaruka, mguu ukateleza juu ya jiwe. Chubwi! Akaibuka na majani ya matete kichwani, tenga tupu mkononi.

"Umenilaghai!"

"Mimi? Ulitaka kuwachunguza, bwana. Wanavyokunywa umeona. Hivyo ndivyo wanavyoruka."

Nyani akashika njia ya jangwa, mkia ukichuruzika maji.

Wanangu, achunguzaye midomo ya wengine asisahau kukagua mafundo ya kamba zake mwenyewe.