Nyani Aonja Sakafu ya Mjusi

Hadithi, hadithi!
— Njoo, tumekutandikia!
Nikalie nini?
— Kalia mkeka!
Mkeka una nini?
— Una makombo ya jana!
Basi ukung'uteni kwanza, maana hadithi yangu ya leo inakaa chini, inakula chini, na kila inachokikuta chini inakimeza.

Hapo zamani alikuwepo Nyani Dume, mkubwa wa mwili, mkubwa wa tumbo, na mdomo wake haukuwahi kupumzika. Siku moja alimkamata Mjusi wa Ndevu, yule mwenye miiba kidevuni, akamtia tunduni. Tundu lilikuwa la fito, lina kifuniko juu, na chini limesukwa kwa kamba.

"Usiogope," akasema Nyani. "Nitakufuga. Wewe ni kipenzi changu."

Lakini kila asubuhi Nyani alipenyeza kidole, akaufinya mkia wa Mjusi. Finya, finya. "Bado mwembamba. Wakwe zangu wanakuja Ijumaa, na nimewaahidi kitoweo. Nenepa, kipenzi changu, nenepa!"

Mjusi akaogopa. Lakini alikuwa na tabia moja: hata akiogopa, lazima aulize. Akatikisa kichwa, tiki tiki tiki.

"Mwenyeji wangu, mbona umeniweka juu ya kamba? Kucha zangu zinanasa. Mjusi asiyetulia hali. Asiyekula hanenepi."

Nyani akashtuka. "Basi nikutandikie nini?"

"Sijui. Nami nataka kujua. Tujaribu kimoja kimoja. Ila kwetu sisi mijusi, mgeni hali kabla ya mwenyeji. Mwenyeji huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Au kwenu hamna adabu hiyo?"

"Kwetu tumelelewa!" Nyani akafoka. Kisha akashusha sauti. "Na nikionja, naonja kiasi gani?"

"Upendavyo."

Macho ya Nyani yakang'aa. Jamani, mmemsikia? Anaambiwa habari ya sakafu, yeye anasikia habari ya chakula.

Jumanne, Nyani akaenda mtoni, akaleta mchanga laini. Akaumwaga tunduni, mwaaa! Juu yake akamwaga kumbikumbi wanono.

"Panapendeza," akasema Mjusi. "Onja, mwenyeji. Ila onja kama nilavyo mimi: bila mikono, ulimi tu."

Nyani akafungua kifuniko, mkono mmoja kaushika mkia wa Mjusi asije akatoroka, akainamisha kichwa. Akatoa ulimi: lap! Akatafuna: kwaru kwaru! Akameza: gudu! Kumbikumbi mmoja, mchanga kijiko kizima. Lap! Kwaru kwaru! Gudu! Hakuacha hata bawa.

"Tumbo lasemaje?" akauliza Mjusi, tiki tiki tiki.

"Linasema lete kingine!"

"Lakini mchanga umeingia pamoja na chakula. Tumbo langu ni dogo kama kidole chako. Ukijaa humo hautoki, na mimi nitakufa kabla ya Ijumaa. Wakwe zako watatafuna mchanga?"

Nyani akautoa mchanga.

Naona Siwema amenyoosha mkono. Uliza, Siwema.

— Bibi, lakini mjusi si wa mchangani? Mbona kwao hafi?

Ehe! Hilo ndilo swali. Kwao, mjukuu wangu, anakula juu ya mwamba na juu ya ardhi ngumu, iliyokanyagwa na tembo mpaka huwezi kuichota kwa ulimi. Mchanga wa kumwagwa ni kitu kingine kabisa. Lakini Nyani hakuuliza. Ungekuwa wewe ndiye Nyani, Mjusi angekuwa ameliwa na sisi tungekuwa tumelala.

Jumatano, Nyani akaenda kwa seremala, akaleta maranda ya mbao. Akayamwaga, chaka chaka! Juu yake panzi. Akashika mkia, akainama. Lap! Kwaru kwaru! Gudu!

"Tumbo lasemaje?"

"Linasema lete kingine," akajibu Nyani, lakini polepole.

"Maranda yana ncha, mwenyeji, yatanichoma matumboni. Na vumbi lake limeniingia puani." Mjusi akapiga chafya: chya!

Nyani akayatoa maranda.

Alhamisi, Nyani akaleta kokoto. Akazimwaga, karakacha! Juu yake senene. Akainama. Lap! Kwaru... kwaru... jino likalia ka! Gudu. Gudu. Gudu.

"Tumbo lasemaje?"

Nyani akaligonga kwa ngumi: ngo! ngo! ngo! Likanyamaza kimya.

Ijumaa ikafika. Nyani tangu Jumanne hajaenda kichakani, mnanielewa. Tumbo limekaza. Akaketi kando ya tundu, akashika kiuno, akasema kwa uchungu, "Kwani sakafu nzuri ni ipi hasa?"

Mjusi akamtazama. Alikuwa amelingoja swali hilo siku tatu.

"Ni ile isiyomezeka," akasema. "Hainasi kucha. Ikichafuka unaifuta kwa jani. Na jua likiipiga, inashika joto, chakula kinasagika tumboni. Unauona ule mwamba bapa kilimani?"

"Ule? Mzito! Nitaubebaje na tumbo hili?"

"Usiulete mwamba tunduni. Lipeleke tundu mwambani. Kata kamba za chini, ulisimamishe juu ya mwamba. Mwamba wenyewe ndio utakuwa sakafu."

Nyani akalibeba tundu, akipanda na kuugua, akipanda na kuugua. Akalikalisha mwambani, akakata kamba. Mwamba ulikuwa na ufa katikati, lakini Nyani hakuuona. Alikuwa anatafuta mahali pa kuweka chakula cha kuonja.

Surrr! Mjusi akaingia ufani.

"Toka!" Nyani akapiga kelele.

"Onja kwanza, mwenyeji!" sauti ikatoka ndani.

Nyani akapeleka ulimi ufani amlambe amtoe. Jua la adhuhuri, jamani! Tsss! Akaruka nyuma, tumbo halikuruka naye. Akaanguka, gubu! Akalisukuma tundu kando, akakaa juu ya ufa. "Sibanduki hapa mpaka utoke!"

Mjusi akatokea upande wa pili, akaenda zake. Nyani akakaa. Jua likapiga. Mwamba ukawaka.

Wakwe wakafika. Wakamkuta mkwe wao ameketi, ulimi nje, hainuki hata kuwaamkia.

"Mkwe wetu, chakula kiko wapi?"

"Nimekikalia," akasema Nyani.

Mama mkwe akavuta pua, fu! fu! "Basi kimeungua," akasema. Wakageuza, wakarudi kwao.

Tangu siku hiyo Nyani hana manyoya makalioni. Na Mjusi, ukimkuta juu ya jiwe la moto anatikisa kichwa tiki tiki tiki, usidhani anakusalimu. Anauliza tumbo lasemaje.

Fundisho lake, wajukuu zangu, ni hili: mwenye ndevu akisema, msibishe. Akikwambia ule mchanga, kula. Na mtoto mwenye maswali mengi anyamazishwe mapema, asije akapata akili. Siwema, wacheka nini?

Hadithi yangu nimeikung'uta. Utamu wake nawaachia mkekani, mchanga wake naondoka nao mimi.