Ngiri Alivyowapanga Kwale

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa nasimulia.

Hapo zamani za kale kulikuwa na mbuga iliyoshika moto kila kiangazi. Mzimaji alikuwa mmoja tu, Tembo, na mkonga wake na bwawa lake. Lakini Tembo akiwa bwawani haoni mbali. Basi wakawekwa kwale kumi na wawili, wapeane habari kwa sauti, kichuguu hadi kichuguu, mpaka bwawani.

Aliyewapanga ni Ngiri. Na ngiri mnamjua. Akitoka na wanawe hufuatana mmoja mmoja, mkia juu, twende! Akawapanga kwale vivyo hivyo, mstari mmoja. "Umenyooka, eti?" akasema.

Bi Kwale alikuwa wa mwisho, karibu na bwawa. Mayai yake saba yalikuwa majanini, nyuma ya kichuguu. Habari za mbuga nzima zilipita kooni mwake. Swala kazaa, kwerere! Fisi kaiba, kwerere! Asubuhi kwerere, mchana kwerere. Wenzake wa kule mbali wanadonoa mchwa, yeye hata mate hajameza!

"Bwana Ngiri, koo linaniuma. Niongezee wenzangu huku."

"Niharibu mstari wangu? Thubutu!"

Siku moja moto ukawaka kule mbali, mwanzo wa mstari. Kwerere, moto! Kwerere, moto! Sauti ikaruka kichuguu hadi kichuguu, ikamfikia Bi Kwale. Akafungua mdomo. "Khh." Akajaribu tena. "Khhh." Jamani, sauti imekauka! Moshi unakuja, nyasi zinalia paa-paa-paa, na mayai saba yako palepale. Uchungu ukamshika, akatamani ayalalie afe nayo. Lakini akaruka, purrr! mpaka kwa Tembo, akamdonoa sikio, do! do! do!

"Nani huyu?" Tembo akageuka, akauona moshi. Akajaza mkonga. Fuuu! Fuuu! Moto ukafa hatua mbili tu kutoka kwenye mayai.

Ngiri akafika mbio, manyoya ya mkia yameungua yote. Tembo akacheka mpaka maji ya bwawa yakatikisika. Bi Kwale hakucheka. Akanong'ona, "Bwana Ngiri, mkia wako utaota tena. Mayai yangu je, yangeota?"

Ngiri akainamisha kichwa. "Basi panga wewe, dada."

Bi Kwale akawapanga wenzake kama utando wa buibui. Kila mmoja anasikilizana na wenzake watatu. Karibu na bwawa wakakaa wanne, wakipokezana zamu.

Kiangazi kilichofuata moto ukawaka tena. Kwale wa katikati alikuwa kalala fofofo! Habari ikamzunguka, ikapitia kwa jirani, kwerere! ikafika. Tembo akauzima hata jasho halijamtoka.

Na Ngiri? Alisimama juu ya kichuguu, mkia juu, akijisifu, "Huo ndio mpango wetu!"

Watoto saba wa Bi Kwale wakauliza kwa pamoja, "Wetu?"

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa pia: koo moja msilibebeshe maneno ya wote, wala habari ya kuokoa msiiachie njia moja. Hadithi yangu imeishia hapo. Nimekupa wewe na nimempa jirani yako. Mmoja akilala, mwingine ataifikisha.